Mcheza Kwao Hutuzwa

Methali hii tumeirithi sote, na aghalabu tunaitumia kumkumbusha aliyetoka nyumbani kwamba heshima ya kweli hutolewa na wale wanaomjua. Anayecheza ngoma kwao hutuzwa kwa kuwa watazamaji wanaujua mdundo, wanayajua maneno ya wimbo, na pengine wanakumbuka hata babu yake alivyokuwa akicheza. Ugenini mambo ni mengine. Huko mchezaji hushangiliwa kwa jambo ambalo kwao ni la kila siku, na lile lililomtoa jasho hakuna anayeliona.

Katika kurasa hizi nataka kuipima methali hiyo kwa kuwatazama watu ambao kucheza ndiyo riziki yao, yaani waigizaji wa Hispania walioingia katika filamu za Marekani. Msomaji anaweza kuuliza, Hispania na sisi wapi na wapi? Nitamjibu kwamba yeyote anayesema lugha iliyosambaa katika nchi nyingi ana sababu ya kuwatazama watu hawa kwa makini. Yaliyowapata yanahusu ulimi, na ulimi ni mali ambayo hata maskini huondoka nayo anaposafiri.

Safari yenyewe si ya jana. Antonio Moreno, mzaliwa wa Madrid, alikuwa miongoni mwa nyota wa Hollywood katika miaka ya 1920. Mwaka 1926 aliigiza na Greta Garbo katika The Temptress, na mwaka uliofuata akaigiza na Clara Bow katika It. Katika filamu hiyo ya pili yeye ni tajiri wa Kimarekani, mrithi wa duka kubwa, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu filamu za wakati huo zilikuwa bubu. Uso hauna lafudhi. Filamu zilipoanza kutoa sauti mwishoni mwa muongo huo, kila mtu alisikika anakotoka, na nafasi za Moreno zikapungua. Mwaka 1956 tunamwona katika The Searchers ya John Ford akiwa Mmeksiko anayepita kwa dakika chache tu.

Kwa muda mfupi Hollywood ilijaribu njia ya ajabu ya kulitatua tatizo hilo la sauti. Mwaka 1930 kampuni ya Universal ilipotengeneza Dracula, mchana walifanya kazi waigizaji wa Kiingereza pamoja na Bela Lugosi, na usiku, katika majengo yaleyale, wakaingia waigizaji wa Kihispania kuigiza hadithi hiyohiyo kwa ajili ya soko la lugha yao. Dracula wa usiku alikuwa Carlos Villarías, mtu wa Córdoba, Hispania. Bibi aliyetakiwa kunyonywa damu alikuwa Lupita Tovar wa Meksiko, na mchumba wake alikuwa Barry Norton, mzaliwa wa Buenos Aires. Hispania, Meksiko na Argentina ziliwekwa ndani ya nyumba moja, na mwongozaji wao, George Melford, hakujua Kihispania. Nionavyo mimi, mambo yote yaliyofuata katika miaka tisini iliyokuja yalikwisha kuonekana katika usiku ule. Kwa mwenye kampuni, Kihispania kilikuwa kitu kimoja, na wasemaji wake walikuwa watu wamoja.

Sara Montiel aliliona hilo katika miaka ya 1950. Alikuwa msichana wa La Mancha, lakini katika Vera Cruz (1954), pamoja na Gary Cooper na Burt Lancaster, alikuwa Mmeksiko, na katika Run of the Arrow (1957) alikuwa mwanamke wa Wahindi Wekundu. Mwaka huohuo wa 1957 filamu yake ya Kihispania, El último cuplé, ikatoka na kumfanya malkia wa sinema katika nchi zote zinazosema lugha hiyo. Hapo methali yetu ilisema kweli bila kupindishwa.

Naye Fernando Rey aliingia kwa bahati ya kuchekesha. William Friedkin, alipokuwa akiandaa The French Connection (1971), alimtaka Mhispania mwingine, Francisco Rabal. Majina yakachanganywa, akaletwa Rey. Ilipobainika kwamba Rabal hakujua Kiingereza wala Kifaransa, Rey akabaki, akawa Mfaransa mkuu wa wauza madawa ya kulevya. Aliigiza kwa ustadi mkubwa. Lile tendo lake la kumpungia mkono polisi kutoka ndani ya treni linakumbukwa mpaka leo. Lakini tazama: alitakiwa Mhispania mmoja, akaja mwingine, akafanywa Mfaransa, na kazi ikaendelea kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Hapa yafaa nieleze lafudhi hizo zinatofautianaje, kwa kuwa msomaji asiyejua Kihispania anaweza kudhani nazungumzia jambo dogo. Mtu wa Madrid anaposema asante kwa lugha yake, yaani gracias, ile herufi ya c huitamka kama tunavyotamka th ya thamani. Mmeksiko huitamka kama s ya sala. Wana tofauti pia katika namna ya kuwaita watu wengi “ninyi”, katika msamiati wa chakula na matusi, na katika mwendo mzima wa sentensi. Sisi tunaweza kulielewa hilo mara moja. Mchukue mtu wa Lamu, umpe nafasi ya mchimba madini wa Lubumbashi, kisha uonyeshe filamu hiyo Lubumbashi kwenyewe. Kabla hajamaliza maneno matatu, ukumbi mzima utakuwa unacheka. Asiyejua Kiswahili hataona kosa lolote, naye ndiye mara nyingi anayetoa fedha za kuitengeneza filamu.

Tena kuna jambo zito kuliko matamshi. Hispania iliitawala Meksiko kwa miaka mia tatu, tangu 1521 hadi 1821, na Kuba ilikaa mikononi mwake hadi 1898. Mhispania anapoigiza Mmeksiko au Mkuba, ni kana kwamba mjukuu wa bwana amekuja kuvaa nguo za mjukuu wa mtwana, na mwenye nguo hizo amekaa nje akingoja kuitwa.

Tuje sasa kwa Antonio Banderas, aliyeufungua mlango huu kwa upana kuliko wote waliomtangulia. Alizaliwa Málaga mwaka 1960, akakua kisanaa mikononi mwa mwongozaji Pedro Almodóvar katika filamu kama Matador (1986) na La ley del deseo (1987). Alipopewa nafasi ya mwanamuziki wa Kuba katika The Mambo Kings (1992), Kiingereza chake kilikuwa kidogo mno, hivyo alikariri maneno kwa kufuata sauti, kama mtoto wa chuoni anavyokariri kabla ya kufahamu maana. Nimeitazama filamu hiyo mara kadhaa nikimwangalia macho tu. Mdomo unafuata njia uliyofundishwa, na macho yanafanya kazi yote ya huzuni. Mwaka 1993 alikuwa mpenzi wa Tom Hanks katika Philadelphia, na mwaka 1995 akawa mpiga gitaa wa Kimeksiko mwenye bunduki katika Desperado.

Kisha ikaja The Mask of Zorro mwaka 1998. Filamu hiyo inasimulia habari za California ilipotoka mikononi mwa Hispania na kuwa ya Meksiko. Bwana mkubwa wa Kihispania, Diego de la Vega, anaigizwa na Anthony Hopkins, na binti yake anaigizwa na Catherine Zeta-Jones. Wote wawili ni watu wa Wales. Banderas, Mhispania pekee kati ya hao watatu, ndiye aliyepewa nafasi ya Alejandro Murrieta, jambazi wa Kimeksiko, ambaye anafundishwa na huyo Hopkins adabu za kuketi mezani na kusema kwa upole ili apate kujifanya mwungwana wa Kihispania. Basi Mhispania anaigiza Mmeksiko anayejifunza kuigiza Mhispania, na mwalimu wake ni mtu wa Wales! Sisemi filamu hiyo ni mbaya. Ina furaha ndani yake, farasi wanakimbia vizuri, na Banderas anacheza upanga kwa wepesi na mzaha. Mwenyewe amewahi kusimulia kwamba alipofika Marekani aliambiwa kuwa watu wa asili yake huku wataigiza wabaya tu, na miaka michache baadaye akajikuta yeye ndiye shujaa aliyevaa kinyago, na mbaya ni kapteni mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Fahari hiyo ni halali yake. Hata hivyo fahari hiyo haiondoi swali la nani aliachwa nje.

Penélope Cruz alipita njia hiyohiyo kwa kasi zaidi. Katika muda usiozidi miaka miwili filamu za Kiingereza zilimfanya Mmeksiko (All the Pretty Horses, 2000), Mbrazili (Woman on Top, 2000), Mkolombia (Blow, 2001) na Mgiriki (Captain Corelli's Mandolin, 2001). Atakayezitazama filamu hizo kwa mfululizo ataona uzuri wa sura ukibebeshwa mzigo ambao ulitakiwa kubebwa na maneno.

Bahati njema tunao ushahidi ambao mhakiki huupata kwa nadra. Mwaka 1997 Cruz aliigiza Sofía katika Abre los ojos ya Alejandro Amenábar, iliyotengenezwa Madrid. Mwaka 2001 Wamarekani wakaitengeneza upya hadithi hiyo kwa jina la Vanilla Sky, Tom Cruise akiwa ndiye mhusika mkuu, na Cruz akaitwa kuigiza Sofía yuleyule. Mwigizaji ni mmoja na nafasi ni moja. Kilichobadilika ni lugha na mji. Nilizitazama siku mbili mfululizo, na tofauti ni kubwa. Chukua ule usiku wa kwanza ambapo Sofía na kijana tajiri wanachorana picha. Katika filamu ya Madrid, maneno yao yanapishana kama watu wanaorushiana karanga. Sofía anadhihaki, anajirudi, anamkata mwenzake kauli, na uso wake uko mbele ya sentensi. Katika filamu ya New York anasubiri sentensi iishe ndipo uso ufuate. Msichana aliyekuwa mjanja amekuwa msichana mtamu. Kipaji hakikupotea baharini, maana mwaka 2006, katika Volver ya Almodóvar, kipaji hicho kinarudi chote. Raimunda wa filamu hiyo anapika, anafua, anafoka, anaficha maiti na kulia, na kila jambo analifanya kwa ulimi wa kwao. Cannes iliwatuza waigizaji wanawake wote wa filamu hiyo kwa pamoja, na Marekani yenyewe ikamteua kuwania tuzo ya Oscar.

Oscar aliipata mwaka 2009 kwa Vicky Cristina Barcelona ya Woody Allen, na hapa methali yetu inapata sura mpya. Filamu ni ya Mmarekani, lakini imepigwa Barcelona na Oviedo, na Cruz ni María Elena, mchoraji wa Kihispania mwenye hasira na akili nyingi. Kila anapopandwa na hasira anarudi katika Kihispania, na aliyekuwa mumewe, anayeigizwa na Javier Bardem, anamsihi aseme Kiingereza ili mgeni wao aelewe. Anatii kwa nusu dakika, kisha mto unavunja kingo tena. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza filamu ya Kimarekani kumwonyesha Cruz akiwa katika hali yake halisi, yaani mtu mwenye lugha mbili ambaye moja kati ya hizo ni nyumba na nyingine ni koti la mvua. Tabu ya lugha, ambayo filamu nyingine ziliificha, hapa imewekwa mezani na kugeuzwa kuwa mchezo wenyewe.

Ama Bardem, yeye anatulazimisha kuipanua methali. Jamaa huyu anatoka katika ukoo wa waigizaji. Mama yake Pilar Bardem alikuwa mwigizaji, na babu na bibi yake vilevile. Aliingia Marekani kwa kuigiza mwandishi wa Kikuba, Reinaldo Arenas, katika Before Night Falls (2000), akawa mwigizaji wa kwanza wa Hispania kuteuliwa kuwania Oscar. Uigizaji wake ni wa hali ya juu, ingawa sikuacha kusumbuliwa na kumsikia mtu aliyeishi na kuandika kwa Kihispania akisimulia maisha yake kwa Kiingereza kilichotiwa chumvi ya lafudhi. Ndugu Joel na Ethan Coen walipomtaka kwa No Country for Old Men (2007), aliwaambia kwamba haendeshi gari, Kiingereza chake ni kibaya, na anachukia ukatili. Wakampa nafasi ya muuaji asiye na huruma.

Muuaji huyo, Anton Chigurh, hana nchi. Filamu haisemi ametoka wapi, na jina lake halifanani na la kabila lolote. Mtu mmoja anapotajiwa jina hilo anadhani ametajiwa sukari. Hapo ndipo lafudhi ya Bardem ilipoacha kuwa kasoro ya kufichwa au pambo la kuuzia tiketi. Ikawa sehemu ya hofu yenyewe. Mtu huyu anaongea Kiingereza kama mtu anayehesabu fedha za mwingine, pole pole, bila kukosea, na yule mzee wa kituo cha mafuta anayeambiwa achague upande wa sarafu anaelewa kila neno asielewe anaambiwa nini. Mwaka 2008 Bardem akapata Oscar, akawa mwigizaji wa kwanza wa Hispania kuipata, na jukwaani akaacha Kiingereza na kumgeukia mama yake kwa Kihispania.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Hawa watu walifanikiwa zaidi pale walipoachwa wacheze kwao, au pale filamu ilipokiri kwamba hapa si kwao na ikautumia ukweli huo. Walipopungua ni pale walipovishwa kwao kwa mtu mwingine.

Wapo watakaonipinga. Watasema kuigiza maana yake ni kuwa mtu usiye, na kwamba tukianza kudai cheti cha kuzaliwa, sanaa itakufa. Hoja hiyo ina nguvu, na Bardem mwenyewe alikuwa katikati yake mwaka 2021 alipoigiza Desi Arnaz, Mkuba, katika Being the Ricardos. Watu walilalamika kwamba Mhispania si Mkuba. Wengine wakajibu kwamba katika filamu hiyohiyo Nicole Kidman, aliyekulia Australia, alikuwa Lucille Ball wa Marekani, na uraia wake haukuzua kelele kama hizo. Nakubali kwamba mwigizaji asifungiwe kijijini kwao.

Lakini uhuru huo una maana iwapo mlango unafunguka pande zote mbili. Mhispania amekuwa Mmeksiko mara nyingi kiasi cha kuchosha. Je, Mmeksiko amekuwa duke wa Kihispania mara ngapi? Marekani ina watu zaidi ya milioni 40 wanaosema Kihispania majumbani mwao, na wengi wao asili yao ni Meksiko. Salma Hayek, Mmeksiko, alihangaika miaka mingi mpaka Frida ikatoka mwaka 2002, na hata humo Diego Rivera akawa Alfred Molina, mzaliwa wa London, na Siqueiros akawa Banderas. Anayetaka kujua kinachopotea amtazame Demián Bichir katika A Better Life (2011), Mmeksiko akiigiza mtunza bustani wa Kimeksiko mjini Los Angeles. Anavyosita kabla ya kumjibu tajiri wake, na anavyosema na mwanawe ambaye Kihispania kinamtoka, ni mambo ambayo mgeni hawezi kuyakariri kwa kufuata sauti. Naye Bichir aliteuliwa kuwania Oscar. Mcheza kwao alionekana, kwa kuwa safari hii aliruhusiwa kucheza.

Nao Wahispania hawakutoka salama katika biashara hii. Mwaka 2020 Banderas alipoteuliwa kuwania Oscar, baadhi ya waandishi wa Marekani walimhesabu miongoni mwa waigizaji wasio Wazungu. Watu wa kwao walistaajabu, wengine walicheka. Mimi sikuona cha kucheka. Baada ya miaka karibu thelathini ya kuigiza Wakuba na Wameksiko, lafudhi ilikuwa imempa asili mpya bila ya yeye kuulizwa.

Uteuzi huo ulitokana na Dolor y gloria ya 2019, filamu ya Kihispania ambamo Banderas ni mwongozaji mzee mwenye maumivu ya mwili na ya kumbukumbu, na ambayo ilimpa tuzo ya mwigizaji bora huko Cannes. Amewahi kueleza kwamba aliporudi kwa Almodóvar kufanya La piel que habito (2011), baada ya zaidi ya miaka ishirini, alifika na mizigo yote aliyoichuma Marekani, na Almodóvar akamwambia vitu hivyo havimfai kitu. Kisha mwaka 2017 alipatwa na shambulio la moyo, na walipokutana tena Almodóvar aliliona badiliko na kumwomba asilifiche. Mtazame katika filamu hiyo anavyoketi. Anainama kwa uangalifu, anatafuta kiti kwa mkono, na sauti yake, ambayo Hollywood iliizoea ikiunguruma, imeshuka hadi kuwa ya mtu anayezungumza na mamaye chumbani.

Novemba 2019, mwaka uleule, Banderas alifungua ukumbi wa michezo ya jukwaani mjini kwao Málaga. Mchezo wa kwanza ulikuwa A Chorus Line, ambao asili yake ni New York na unahusu wachezaji wanaopanga mstari kuomba kazi, kila mmoja akijieleza anatoka wapi. Aliuweka kwa Kihispania, na yeye mwenyewe akapanda jukwaani kama mwongozaji anayewauliza maswali. Safari hii Wamarekani ndio waliosema kwa ulimi wa Málaga, na waliokuwa wakiomba nafasi walijibu kwa lugha ya mama yao.